Malkia Hana Mtoto

Jumamosi, 2 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Hata ninapoomba nalizungukazunguka tu, kana kwamba Mungu halijui. Jambo lenyewe ni hili: malkia hana mtoto. Hajawahi kuzaa. Mtoto nilimtunga mimi, na sasa watu wazima wanamsikitikia.

Nieleze vizuri. Mjomba, mdogo wake mama, aligeuza stoo ya mbele ya nyumba yetu kuwa chumba cha gemu. Skrini moja, mabenchi matatu, paa la mabati lisilo na dari. Watu wanatoa kiingilio kidogo na kukaa. Pedi ya kuchezea inazunguka: unaishika mpaka ufe, ukifa unampa wa pembeni yako. Safari ni moja, ya wote. Anayeingia leo anaanzia walipoishia wa jana. Gemu ni ya malkia aliyepinduliwa, anavuka nchi ya matope kurudi kwenye kiti chake. Humo ndani wanaongea Kiingereza, tena kile kirefu cha mahakamani, na wengi wa chumbani hawakijui. Mimi ninakijua kwa sababu shuleni kwetu kila somo ni Kiingereza. Basi Mjomba akanikalisha juu ya ndoo ya rangi ubavuni mwa skrini, nyuma ya pazia, niwe nawaambia kinachosemwa. Wananiita Mdomo.

Mimi, ambaye ripoti yangu ya shule kila muhula inasema "hachangii darasani". Mwalimu akinitaja, shingo inawaka moto na jibu linayeyuka. Lakini nyuma ya pazia hakuna anayenitazama. Nikiongea, anayeongea ni malkia.

Siku ya kwanza malkia alitoa hotuba kuhusu ushuru wa madini. Nilisikia watu wakipiga miayo. Nikasema, sijui yalitoka wapi, kwamba anavuka matope yote yale kwa sababu mbele kuna mto, na ng'ambo yake alimwacha mtoto. Chumba kizima kikanyamaza. Tangu siku hiyo sitafsiri. Natunga. Mishale kwenye skrini inawaonyesha pa kwenda, kwa hiyo uongo wangu haumpotezi mtu njia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua za msimu zimeanza. Juu ya mabati ni kama mtu anamwaga kokoto. Sheria ya chumba ni kwamba hakuna kubonyeza kitufe mpaka Mdomo amalize, na mvua ikipiga Mdomo hasikiki. Wakakaa wakiangalia skrini iliyoganda. Soksi zao zinanuka kama mbwa aliyelowa.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeona kitu kimenitia kinyaa mpaka sasa.

Askari mzee amekufa. Yule aliyembeba malkia mgongoni kwenye kinamasi. Fundi ndiye aliyeshika pedi. Fundi ni mtengeneza baiskeli wa pale kona, mtu mzima, mikono yake ina grisi isiyotoka. Anakaa benchi la mbele kila jioni akishafunga kazi. Alijitahidi kumwokoa askari, ikashindikana. Malkia akapiga magoti. Nikaanza kusema maneno ya kumuaga yule mzee.

Hapohapo, katikati ya maiti na uso wa malkia, kikatokea kitufe cha zambarau kinachometameta. Kilikuwa kinatoa mazishi ya heshima: jeneza la fedha na farasi weupe. Unalipia. Usipolipia, askari anaachwa kwenye tope na safari inaendelea.

Fundi akauliza, "Anasema nini hapo?"

Nikasema malkia anaomba tunyamaze kidogo. Lakini Wakili akacheka. Wakili ni mbeba saruji wa duka la jirani, tumempa jina hilo kwa sababu hata chumvi akiiona anaibishia. Akasema neno "nunua" la Kiingereza hata mbuzi analijua. Fundi akaweka pedi chini taratibu na kwenda kutema mate nje, kwenye mvua.

Kinyaa changu si kwa sababu wanauza. Mama anauza nguo anazoshona, Fundi anauza kazi yake. Ila mama hamngoji mtu afiwe ndipo amtolee vitambaa.

Jumatatu, 11 Machi

Mtihani wa hesabu. Mvua. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 14 Machi

Risiti amekuja na upanga wa dhahabu. Risiti ni kijana wa rika langu, anasoma shule nyingine, baba yake ana uwezo. Kila kinachouzwa ndani ya gemu anakinunua kwa simu yake, halafu anaonyesha ujumbe wa malipo benchi kwa benchi. Ameshanunua kofia yenye manyoya, mbwa wa moto, na cheche za kutokea miguuni malkia akitembea. Malkia anayekimbia kuuawa anatoa cheche miguuni kama mashine ya kuchomelea. Simpendi. Hata anavyotafuna bigijii simpendi.

Wakili alimvaa. Alisema hao watengenezaji wanakuuzia nyumba, ukishahamia wanakuja kukuuzia mlango. Kwamba kila kilichomo kwenye vifurushi wanavyouza kilikuwemo tangu mwanzo, wakakikata kama nyama buchani. Risiti akajibu bila kupandisha sauti kwamba kuna watu wamekaa wakachora huo upanga, wana watoto, wanakula. Mbona Wakili habebi saruji bure? Wakili akasema yeye akibeba mfuko anaufikisha wote, habakizi robo njiani akaja kuiuza kesho. Chumba kikavunjika mbavu. Risiti naye alicheka, lakini masikio yalimwiva.

Alichotaka Fundi kujua ni kama mtoto ameshajua kutembea.

Jumapili, 17 Machi

Tumefika ukingoni. Mto wenyewe. Kule ng'ambo ni ukungu mtupu. Malkia akaingiza mguu majini, muziki ukapanda, na skrini ikawa nyeusi na maandishi ya zambarau: sura ya mwisho inapatikana kama kifurushi cha kulipia.

Miezi yote hii. Kila mtu aliyekufa kwenye kinamasi kile akampa mwenzake pedi. Wamekata mwisho wakauweka dirishani mwa duka.

Walizungumza wote kwa pamoja. Mmoja alisema kila mwenye akili asusie. Wakili akasema ukiwalipa leo, kesho watakuuzia katikati. Risiti hakuwepo. Kisha Fundi akasimama, jambo ambalo halifanyi.

"Kubishana tubishane," alisema, "lakini mimi siwezi kulala mtoto yuko ng'ambo. Tuchange."

Mmoja mmoja, wakakubali. Hata Wakili, akilaani. Mjomba akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko, akaliweka juu ya skrini.

Wanachangia mtoto. Hawachangii gemu, hawachangii upanga wala kiti cha enzi. Mimi nimekaa kwenye ndoo yangu nikisikia sarafu zinaanguka, kila moja ikinidondokea tumboni.

Jumatano, 20 Machi

Mvua tangu asubuhi.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi alikuwa anadunduliza anunue koti la mvua. Anafanya kazi chini ya turubai lenye matundu pale kona, na kila mwaka wakati huu anakohoa. Mjomba amenisimulia hayo akicheka, kwa upendo: jana Fundi ametia pesa ya koti kwenye kopo. Leo amekuja amejifunika gunia la nailoni lililotobolewa pa kutolea kichwa. Maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka ndani ya viatu. Akakaa benchi lake la mbele, akakohoa, akaniuliza kupitia pazia kama huyo mtoto ni wa kike au wa kiume, maana sikuwahi kusema.

Nikasema wa kike.

Ningeweza kusema kweli palepale. Nilifungua mdomo. Kikatoka "wa kike".

Najichukia kama ninavyokichukia kile kitufe. Kitufe angalau kinametameta, unakiona.

Jumapili, 24 Machi

Nilikuwa nafagia chumbani kabla hakijafunguliwa, Risiti akaingia peke yake. Nikashika ufagio kama mkuki. Hatujawahi kuongea, uso kwa uso naongea na watu wachache sana.

Akasema, kwa Kiingereza, kwamba hotuba ile ya kwanza ilihusu madini.

Akaendelea kwa Kiswahili, bila kebehi, akiangalia sakafu. Alijua tangu siku ya kwanza. Anakijua Kiingereza kama mimi. Nyumbani kwao ana gemu hiyohiyo na ameimaliza peke yake zamani, na kifurushi cha mwisho alikinunua siku kilipotoka.

"Kuna nini ng'ambo?" nikauliza. Ilikuwa sauti yangu, bila pazia.

"Ukuta. Wameuchora rangi ya ukungu. Na zizi la farasi."

"Basi?"

"Farasi wana mapambo."

Nikamuuliza kwa nini huwa anakuja huku kama kwao anayo. Akasema kwao hakuna mtoto. Kuhusu kununua alisema kitu sikukitarajia: hachezi vizuri, vidole vyake ni vizito, na zamani akishika pedi watu walikuwa wanacheka. Akiwa na upanga wa dhahabu hawamcheki sana. Nikamwonea huruma, nikachukia kumwonea huruma.

Kisha akasema, "Wakishanunua, wewe endelea kutunga. Mimi sitasema. Mtoto avuke, wafurahi, yaishe."

Alidhani ananifadhili. Na kweli kwa dakika moja nilifurahi mpaka nikatabasamu. Halafu nikakumbuka gunia la nailoni. Nikamwambia alikuwa anajua kilichomo na akamwacha Fundi atoe pesa ya koti. Akasema angewaambia wangedhani anajidai. Akaongeza polepole kwamba na mimi nilikuwa najua kisichokuwemo.

Aliondoka. Nimefagia sehemu moja mpaka saruji ikaanza kutoa vumbi.

Jumatatu, 25 Machi

Homa ya uongo. Mama amenigusa paji la uso, akasema niende shule.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika yote.

Kopo lilijaa jana, Mjomba akalipia kwa simu. Kifurushi kilipakuliwa usiku kucha. Leo mchana chumba kilishona, waliokosa benchi walisimama. Pedi walimpa Fundi bila kubishana. Risiti alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, hatafuni chochote.

Malkia akaingia mtoni. Akavuka. Ukungu ukafunguka kidogo, na kweli, kulikuwa na ukuta. Mbele ya ukuta zizi. Malkia akageuka kutuangalia, akafungua kinywa. Maneno yakaandikwa chini, nikayasoma mara mbili nikitumaini nimekosea: karibu tena, mteja wetu mpendwa, kwenye zizi langu kuna matandiko mapya. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilisema sehemu ya pili ya mwisho itatangazwa, na bei yake.

Nikavuta pumzi niseme. Mvua ikashuka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka yote mara moja, mabati yakanguruma, na kichwa kimoja baada ya kingine kikageuka kutoka kwenye skrini kuelekea pazia. Hakuna aliyebonyeza. Walikuwa wanangoja mvua ipungue wasikie malkia amesema nini kuhusu mtoto wake.

Nilikuwa na muda wote huo wa kutunga. Na nilitunga, sitadanganya humu. Niliutunga mwisho mzuri sana nikiwa juu ya ndoo ile: mtoto yuko nyuma ya ukuta, amekua, ndiye aliyeujenga ili mama yake asijeruhiwe na vita. Fundi angelia. Wangesema pesa yao imefanya kazi. Wale wenye vitufe vya zambarau, huko waliko, wangekuwa wameuza ukuta, na mimi ningekuwa mpambaji wao wa bure. Sehemu ya pili ikija, wangechanga tena. Nikahisi damu mdomoni. Nilikuwa nimejing'ata.

Kupitia tundu la pazia nilimwona Fundi. Gunia lake linadondosha maji kwenye sakafu niliyoifagia. Ameshika pedi kwa ncha za vidole asiipake grisi.

Mvua ikapungua. Nikatoka nje ya pazia. Sikupanga kutoka, miguu ilitoka. Shingo iliwaka, macho yote yale yakanitua usoni.

"Anasema asanteni kwa kununua," nikasema. "Anauza matandiko ya farasi."

Wakacheka. Walidhani nawatania kabla ya kuwapa utamu. Wakili akasema, "Haya Mdomo, usituchome roho, sema." Nikasema tena. Kicheko kikapungua upande mmoja, kikafia upande wa pili.

"Na mtoto?" Fundi akauliza.

"Hayumo. Hakuwahi kuwemo. Nilimtunga."

Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alimpa pedi wa pembeni yake, kama mtu aliyekufa kwenye gemu, akalivuta gunia kichwani na kutoka.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Mtu aliniita tapeli. Mwingine alisema nilimliza mbele ya mdogo wake. Wakili, Wakili yuleyule, alipiga benchi kofi akasema waliotuuzia ukuta ni wale, huyu alitupa mtoto bure, sasa tunamkaba nani? Mtu akamjibu kwamba bila mtoto nani angenunua ukuta. Na hilo ni kweli. Risiti alisema, kwa sauti ndogo, kwamba na yeye alijua. Walimgeukia yeye.

Mjomba alizima skrini. Hakuniangalia. Alipanda kwenye ndoo yangu, akaling'oa pazia pamoja na misumari yake.

Jumanne, 2 Aprili

Chumba kimefungwa. Mama amesikia yote kwa jirani. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, akaniuliza, bila kugeuka, "Kwa hiyo mwanangu una mdomo, ila ukiingia hapa nyumbani unauacha mlangoni?" Sikujua kama ananigombeza au vipi. Akanipa kitambaa nishone pindo.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimepita kona nikitoka shule. Fundi alikuwa ameinama kwenye gurudumu, chini ya turubai. Anakohoa. Nikavuka barabara nisimpite karibu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mjomba amefungua tena. Wamekuja nusu. Aliwaandikia watengenezaji kulalamika, Risiti akamsaidia Kiingereza. Majibu yalirudi kabla Mjomba hajaweka simu mezani. Akanishika bega, akanisimamisha mbele ya mabenchi, hakuna pazia, akanipa simu. "Soma. Neno kwa neno, mpwa wangu. Usiongeze hata pilipili."

Nikasoma. Wanathamini sana maoni yetu. Furaha yetu ndiyo kazi yao. Kama kutuomba radhi, wanatupa punguzo la bei kwenye matandiko.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Kicheko cha uchungu, cha kushikana mabega. Wakili alilala chini kabisa. Nikaona nimesimama mbele ya watu, nimesoma kitu chote, na shingo yangu ni baridi.

Benchi la mbele lilikuwa na nafasi tupu. Hakuna aliyeikalia.

Jumatano, 10 Aprili

Wameamua hawatanunua tena, wataanza safari upya kutoka mwanzo. Risiti ameomba asiwe na upanga. Alikufa haraka sana, wakamcheka, akampa pedi wa pembeni. Bado anatafuna kama mbuzi.

Mvua kidogo.

Ijumaa, 12 Aprili

Mjomba alimrudishia Fundi mchango wake kutoka mfukoni mwake. Fundi akakataa kwanza, kisha akapokea. Mjomba anasema hakuulizia gemu wala skrini. Aliuliza kitu kimoja tu, akiwa ameinamia mnyororo: "Huyo mtoto wa Mdomo, alivuka?"

Mjomba akamjibu aje kesho, mapema, kabla ya watu, amuulize mwenyewe. Bila kiingilio.

Sikula.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekaa kwenye ndoo, chumbani, skrini imezimwa. Nimefagia. Mabati yamenyamaza, ni matone tu ya mwisho yanayotoka kwenye mti wa jirani.

Kitu hiki sitaki kitoke mdomoni kama kilivyokuwa kinatoka, kwa woga. Nimeanza kukiandika tangu alfajiri, nimefuta, nimeandika tena. Hakuna malkia humu. Ni mtoto wa kike aliyengoja ng'ambo mpaka akachoka kungoja, akaamua kuvuka yeye. Amefika katikati. Maji yako kifuani, amejifunika gunia la nailoni, na hajui kuogelea, na mimi sijui bado atashika nini.

Kuna mtu anakohoa nje. Viatu vina maji, vinakuja mlangoni. Nafunika ukurasa kwa kiganja, wino haujakauka. Asiuone sasa hivi. Mtoto bado hajafika